Chupa Zilizokosa Chumvi

Cephas Odundo hakuwa mtu wa kukaa. Hata chakula alikula amesimama, sahani mkononi, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Mkewe Zilpah alikwisha kuacha kumvutia kiti. Wenzake katika hospitali ndogo ya kanisa, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, walisema ana siafu miguuni, na yeye hakubisha. Alizaliwa kisiwani Takawiri, akasomea utengenezaji wa dawa, akarudi kufanya kazi karibu na watu wake, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona ameketi mpaka kiti kikapata joto.

Mwaka ule wa 1964 hospitali ndogo kama ile haikuweza kungoja maji ya mishipa, yale anayotundikiwa mgonjwa, yaletwe kutoka mbali kila yalipokwisha. Ilijitengenezea yenyewe, na kazi hiyo ilikuwa ya Cephas. Alichemsha maji, akaunasa mvuke na kuupooza mpaka akapata maji yasiyo na kitu kingine ndani yake. Alipima chumvi kwenye mizani ndogo ya shaba, akaikoroga humo, akajaza chupa, akaziziba kwa mpira, kisha akazipika ndani ya jungu la mvuke mpaka kila kijidudu kife. Kwa daktari hiyo ilikuwa kazi nyeti kuliko zote za chumba cha dawa. Kwa watu wengine wote, kuanzia wauguzi hadi mfagiaji, yalikuwa maji tu. Walisema, "Mtundikie maji," "Lete maji ya yule mama," na kila mtu akaelewa.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua, Cephas alilinyanyua kopo la chumvi ili apanguse meza, akaona nyuma yake kifurushi cha karatasi. Kilikunjwa vizuri, ncha zimechomekwa ndani, kwa namna yake mwenyewe ya kukunja. Akakifungua. Ilikuwa chumvi, imepimwa tayari.

Mwanzoni hakuelewa. Akabaki anaitazama, kitambaa mkononi. Halafu siku ya jana ikamrudia yote kwa mkupuo. Alikuwa na mitungi miwili ya kioo iliyojaa maji. Mtungi wa kwanza aliutia chumvi na kuukoroga. Kwa ajili ya mtungi wa pili alipima, akakunja, na hapo ndipo aliposikia mwanamke akilia uani. Mtoto wake alikuwa amekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Cephas aliacha kila kitu akakimbia. Yeye ndiye aliyempokea yule mtoto, akamshika begani mpaka daktari alipofika, na mtoto akapona. Ilipofika jioni alikuwa anadai ugali. Cephas alirudi chumba cha dawa akiwa na furaha, moyo bado unamdunda. Akaiona mitungi yote miwili, yote myeupe, yote imetulia. Akaanza kujaza chupa.

Maji matupu na maji ya chumvi, kwa macho, hayana tofauti.

Akaenda kwenye rafu ya chupa za jana. Alichoma mpira wa chupa ya kwanza kwa sindano, akavuta kidogo, akadondoshea ulimini. Chumvi, kama machozi. Ya pili vilevile. Ya tatu haikuwa na ladha yoyote. Akalamba tena, akitamani ulimi wake uwe ndio wenye kosa. Hakutaka kuuamini ulimi peke yake. Akajichoma kidole, akadondosha damu katika vijichupa viwili vya kioo, kimoja chenye maji ya chupa ya kwanza, cha pili chenye maji ya ile chupa ya tatu, akatikisa. Cha kwanza kikawa chekundu kizito, kama maji ya mto yaliyobeba udongo, hata kidole chake upande wa pili hakikuonekana. Cha pili kikawa chekundu chepesi, angavu, kama chai ya rangi. Aliweza kuona mistari ya kidole chake kupitia humo.

Alijua maana yake. Damu si maji mekundu. Ni chembe ndogo mno zisizo na idadi zinazoelea, na kila moja imefungwa ndani ya utando mwembamba. Katika kile kijichupa cha pili chembe zote zilikuwa zimepasuka.

Na asubuhi ile ile, kabla Cephas hajafika kazini, Landrova ya hospitali ilikuwa imepakia kreti la chupa za rafu ile, pamoja na dawa nyingine, kupeleka Migori. Mafuriko yalikuwa yameharibu visima huko, na kituo cha afya kilikuwa kimejaa watu wa kuhara na kutapika.

Cephas alitoka mbio hadi chumba cha upasuaji. Daktari Jared, kijana aliyehitimu Makerere na kuchagua kurudi pwani ya ziwa wakati wenzake wakibaki mijini, alikuwa ndani na mgonjwa aliyefunguliwa tumbo. Cephas akazungumza naye kupitia dirisha, maneno yakigongana.

"Sikia, Daktari. Mtungi mmoja wa jana sikuutia chumvi. Chupa zake zimechanganyika na nzima. Nyingine zimekwenda Migori."

Daktari hakuinua kichwa. Mikono yake iliendelea na kazi.

"Una hakika?"

"Nimepima kwa damu."

"Landrova iko wapi?"

"Ikitoka Migori inapitiliza mpaka mpakani. Hairudi leo."

"Chukua chupa nzuri," Daktari akasema. "Ulizozipima mwenyewe, moja moja. Tafuta gari lolote. Nenda."

Alianzia posta. Simu ya Migori ilikuwa imekufa tangu dhoruba iangushe nguzo. Akavuka barabara hadi kituo cha polisi, ambako kulikuwa na redio, akamwomba askari wa zamu apeleke ujumbe: maji ya mishipa yaliyotoka Homa Bay leo yasitumike, yana kasoro. Askari alikuwa mtu mwema. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika, akaanza kuita kwenye redio iliyokuwa inakoroma kama chungu cha mahindi. Cephas hakungoja jibu. Alikuwa na kikapu cha chupa begani, zimefungwa kwa blanketi la wodini, na nje lori la pamba lilikuwa linawashwa.

Lori lilimfikisha karibu na njia ya kuingilia Asumbi, likazama. Magurudumu ya nyuma yalimezwa na tope mpaka kwenye ekseli, na dereva akashuka, akalitazama, akawasha sigara. Cephas alitembea mbele hatua chache, akarudi, akatembea tena. Aliweka kikapu chini, akakiinua. Akamuuliza dereva lori litatoka lini, tena na tena, mpaka yule mtu akamgeuzia mgongo. Ndipo likaja gari dogo la kijivu, Volkswagen, likiserereka huku na huku barabarani, na ndani yake mtawa wa Kiafrika amekumbatia usukani. Cephas akasimama katikati ya njia, mikono juu.

Alikuwa Sista Marcella, mwalimu, anarudi misheni ya Asumbi kutoka sokoni Homa Bay. Alisikiliza maneno machache tu, akasogeza gunia la viazi kwenye kiti cha nyuma.

"Ingia, fundi."

"Njia yako inaishia hapo tu, Sista."

"Leo haitaishia hapo. Ingia kabla injini haijazimika."

Wakapita Rongo. Cephas alikuwa amepakata kikapu, magoti yakichezacheza chini yake hata chupa zikawa zinagongana taratibu ndani ya blanketi.

"Nini hasa kinachotokea?" Sista akauliza. "Mtu akitundikiwa maji matupu."

"Unafundisha sayansi, Sista. Unajua."

"Najua ya viazi. Nakata kiazi, nakitia kwenye maji ya chumvi, kinalegea. Nakitia kwenye maji matupu, kinakakamaa. Wasichana wanaandika, wanapata alama. Sijawahi kuifikiria ndani ya mtu."

Cephas alimtazama, akaona anauliza kweli. Kusema kulikuwa nafuu kuliko kunyamaza, kwa hiyo akasema.

"Chembe ya kiazi ina ukuta mgumu nje ya utando. Maji yakiingia, inakakamaa, basi. Chembe ya damu haina ukuta. Ina utando peke yake. Sasa utando ule, maji yanaupita kama mlango usio na mlinzi. Chumvi haipiti hivyo. Chumvi ya nje inabaki nje, na vitu vya ndani vinabaki ndani. Ukiweka chumvi ya kutosha nje, maji yanayoingia na yanayotoka yanalingana, na chembe inakaa na umbo lake. Ukiondoa chumvi ya nje, maji yote yanataka kuingia. Yanaingia, yanaingia. Inavimba kama mpira wa kuchezea, halafu inapasuka."

"Wanaandika siku hizi," Sista akasema, akikwepa shimo, "kwamba ndani ya utando wenyewe kuna kitu kama pampu. Chumvi ikipenya, inasukumwa nje. Tena inasukumwa kutoka palipo na kidogo kwenda palipo na nyingi, kama mtu anayepandisha mlima na mzigo. Kwa hiyo inakula nguvu, saa zote."

"Ikisimama?"

"Ikisimama, chembe inavimba, inakufa. Hata tukilala, zenyewe hazilali."

"Na maji matupu yakija kwa wingi, hiyo pampu haisaidii."

"Nadhani haisaidii."

"Haisaidii," Cephas akasema. "Maji yanaingia haraka kuliko kitu chochote kinavyoweza kutolewa." Akageukia dirisha. Wazo la ile kazi isiyo na mapumziko, ndani ya kila tone la damu yake, lilimkosesha raha zaidi. Alitaka kushuka akimbie, ingawa gari lilikuwa linakwenda kasi kumshinda.

Kwenye daraja la mto Kuja maji yalikuwa yamefika kwenye mbao. Sista Marcella alisimamisha gari, akafanya ishara ya msalaba, akavuka. Alipomshusha mbele ya kituo cha afya Migori alasiri hiyo, hakuzima injini. Ilimbidi avuke tena kabla mto haujapanda.

"Nitakuombea," akasema.

"Mwombee aliyeko humo ndani."

Nesi Bathsheba, msimamizi wa kituo, alikutana naye kwenye baraza. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipomwona Cephas na kikapu chake alitabasamu.

"Polisi alishafika," akasema. "Alisema dawa iliyotoka Homa Bay ina kasoro, isitumike. Sikuitumia. Nimeifungia yote kabatini, penisilini, vidonge vya kwinini, kila kitu."

Cephas akamkatiza. "Na maji?"

"Maji si..." Bathsheba akaanza, akakwama. Tabasamu liliisha usoni mwake. "Alisema dawa. Omera, ndugu yangu, yule polisi kijana alisema dawa."

Waliingia wodini wote wawili kwa haraka, bega kwa bega, hata wakabanana mlangoni.

Vitanda vilikuwa vimejaa, na wengine walilala kwenye mikeka. Chupa moja tu ilikuwa imetundikwa, kwenye kitanda cha dirishani, na robo yake ilikuwa imekwisha kuingia. Mgonjwa aliitwa Rael, mwanamke Mkuria wa upande wa mpakani, aliyeletwa na mumewe kwa mkokoteni wa ng'ombe akiwa amekauka hata machozi hana. Chupa ya kwanza aliyotundikiwa ilimrudisha duniani. Alikaa, akauliza habari za mtoto wake. Bathsheba aliyaeleza haya huku wanatembea, kama mtu anayetafuta mahali pa kujishika. Lakini tangu hii ya pili ianze, Rael alikuwa anatetemeka na kulalamikia kiuno. Bathsheba alidhani ni malaria, akamfunika blanketi.

Cephas alifika kitandani na kitu cha kwanza alichofanya ni kuubana mpira wa maji kwa vidole vyake, kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu anashindana naye upande wa pili. Halafu akaufunga.

Werema, mume wa Rael, alikuwa amechuchumaa ukutani. Akainuka. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito la mvua, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamua kuamini watu wa mahali hapa.

"Mbona unafunga?" akauliza. "Yale maji ndiyo yanamponya."

"Ngoja kidogo, ndugu yangu."

Cephas alivuta tone kutoka kwenye ile chupa, akajichoma tena kidole, akachanganya, akanyanyua kijichupa kwenye mwanga wa dirisha. Chai ya rangi. Kupitia humo aliuona mti wa uani, jani kwa jani.

Angeweza kunyamaza. Bathsheba angenyamaza naye, aliliona hilo machoni pake. Wangebadilisha chupa, wangesema malaria, na Werema angeshukuru. Wazo hilo lilikuja, likakaa kidogo. Cephas akamgeukia Werema.

"Mimi ndiye ninayetengeneza maji haya huko Homa Bay. Lazima yatiwe chumvi. Baadhi ya chupa nilisahau kutia. Hii ni mojawapo."

Werema alimtazama. Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha sokoni, mmoja Mjaluo na mwingine Mkuria, na labda alidhani amesikia vibaya.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi."

"Hii ya kutia kwenye mboga?"

"Ni kama hiyo."

"Na sasa mke wangu ana nini?"

"Damu yake, ile iliyokutana na maji kwanza, imepasuka. Tazama." Akamwonyesha kile kijichupa, na kingine alichokichanganya haraka kwa maji mazuri ya kikapu. "Hii ni damu yangu, na hii ni damu yangu. Hii ya maji ya chumvi bado ni nzima. Hii nyingine imekufa."

Werema alivishika vyote viwili. Alivinyanyua kwenye mwanga kama alivyofanya Cephas, akavishusha, akavirudisha mezani polepole. Kisha akamshika Cephas shati kifuani, akalikunja ngumini. Hakumpiga. Alimshika hivyo tu, wakapumuliana usoni, mpaka Rael aliposema kitu kwa Kikuria, kwa sauti dhaifu ya kukereka, na Werema akamwachia.

"Usiondoke," akasema.

"Siondoki."

"Sikuombi. Nakuambia usiondoke."

Wakafanya kazi. Bathsheba alitundika chupa iliyokuja na kikapu, na safari hii Cephas aliijaribu tena mbele yao wote kabla haijagusa mshipa. Wakampa Rael magadi ya hospitalini yaliyokorogwa kwenye maji, kikombe baada ya kikombe. Hatari sasa ilikuwa kwenye figo. Damu iliyopasuka humwaga wekundu wake, na wekundu huo ukifika mwingi kwenye figo kwa wakati mmoja unaweza kuziziba. Kazi ya figo ni hiyo hiyo ya kupitisha na kuzuia, kuchagua kipi kitoke na kipi kirudi mwilini, na zikifungwa hakuna mlango mwingine. Hawakuwa na la kufanya ila kumpa maji mazuri na kungoja akojoe.

Cephas alipima kreti lote. Chupa nyingine zilikuwa za maji matupu, akazimwaga uani zote, akavunja na vioo vyake ili pasiwe na mtu wa kukosea tena. Mzee mmoja aliyekuwa ametundikiwa asubuhi alikuwa salama. Yake ilikuwa na chumvi. Baada ya hapo hakuna kazi iliyobaki ila kungoja, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alitembea kutoka mguuni pa kitanda hadi mlangoni na kurudi. Alitoka barazani, akaingia. Akatoka tena, akatazama barabara, akaingia.

"Wewe," Rael akasema kwa Kiswahili.

Akasimama. Midomo ya yule mwanamke ilikuwa imepasuka, lakini macho yalikuwa makali.

"Kaa chini. Unanizungusha kichwa."

Werema akasukuma kibao kwa mguu. Cephas akakaa. Mikono yake hakujua aiweke wapi, akaiweka chini ya mapaja.

Jua lilipokuwa linashuka Rael aliomba beseni. Bathsheba alimsaidia, akalibeba hadi mlangoni kwenye mwanga, na Cephas akamfuata. Mkojo ulikuwa kidogo na mweusi, kama kahawa ya watu wa Kisii. Bathsheba alimtazama Cephas.

"Umetoka," Cephas akasema. "Cha muhimu umetoka."

Lakini mwenyewe hakujiamini. Usiku ule ulipita vile vile, kwa vikombe na chupa. Rael alitetemeka, akatulia, akatetemeka tena. Werema alikaa upande mmoja wa kitanda na Cephas upande wa pili. Wakati mmoja Werema alisinzia, akashtuka, jambo la kwanza alilofanya ni kutazama kama kile kibao bado kina mtu.

Alfajiri mkojo ulikuja mwingi zaidi, wa rangi ya chai nzito. Palipopambazuka vizuri ulikuja tena, na rangi ilikuwa imepauka. Bathsheba aliliinamisha beseni kidogo ili mwanga uingie, akalitazama muda mrefu, akaketi kwenye ngazi za baraza na kufunika uso kwa aproni yake. Cephas alisimama karibu naye. Hakujua kama anaruhusiwa kumfariji.

"Nilimfunika blanketi," Bathsheba akasema ndani ya kitambaa. "Anakufa, na mimi namfunika blanketi."

"Ulikuwa hujui, mama."

"Wewe ulijua nini, ulipokuwa unajaza?"

Cephas akalichukua beseni, akaenda kulimwaga.

Rael alikunywa uji mchana, akaubakiza tumboni. Kisha akamwita Cephas kwa kidole.

"Mume wangu amenieleza," akasema. "Kwetu tuna ng'ombe. Ng'ombe akikosa chumvi anakuja kulamba ukuta wa nyumba. Analamba mpaka udongo unatoka. Hata watoto wanajua kumpa." Akapumzika kidogo. "Sisi tunakumbuka ng'ombe."

Aliyasema bila ukali, akitazama dari, na Cephas akaona afadhali ngumi ya jana.

"Nisamehe," akasema.

"Nitafikiri," akajibu Rael, akafumba macho.

Daktari Jared alifika na Landrova iliyokuwa imerudi kutoka mpakani mpaka Homa Bay kumchukua. Alimpima Rael kwa makini, akamkandamiza kiuno, akalitazama beseni, akamtazama Cephas. Ndipo akamwita Werema barazani.

"Mzee, mke wako atapona. Na kosa hili ni la hospitali. Nasimama mbele yako kwa niaba yake."

"Ni langu," Cephas akasema.

"Ni lako, na ni langu vilevile," akasema Daktari. "Nilijua unafanya kazi ya watu wawili. Nilikuwa nakusifu kwa hilo."

"Gawaneni huko kwenu," Werema akasema. "Mimi nilikuja na mke na nataka kurudi na mke."

Akampa Daktari mkono. Akampa Bathsheba mkono. Kwa Cephas aliinamisha kichwa kidogo tu, mara moja, akarudi ndani. Siku chache baadaye alimlaza Rael kwenye mkokoteni juu ya majani makavu, akaondoka naye kuelekea mpakani, na wale ng'ombe wake wawili hawakuonekana tena Migori msimu ule.

Siku ile ile aliyofika Daktari, njiani kurudi Homa Bay, Cephas alikaa mbele pamoja na Daktari. Mto Kuja ulikuwa umeshuka, umeacha takataka na mabua ya mahindi kwenye vyuma vya daraja. Daktari akamgeukia.

"Jumatatu utachemsha maji kama kawaida."

Cephas alidhani hakusikia vizuri. "Mimi?"

"Sina mwingine anayejua. Lakini hutakuwa peke yako. Nimempata muuguzi mmoja, Phelesia, mwanamke mkali. Atasimama hapo kukutazama tu. Wewe ukitia chumvi, yeye aione inaingia. Na hakuna mtungi utakaomiminwa chupani kabla haujapimwa kwa damu."

"Damu ya nani?"

"Yako itatosha," akasema Daktari, na hakuwa anatania.

Cephas alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Usiku mzima juu ya kile kibao alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia Zilpah, kwamba watarudi kisiwani, kwamba atatafuta kazi kwenye nyavu. Sasa maneno hayo hayakuwa na kazi tena, na mahali pake hapakuja nafuu yoyote. Alijiona kesho kutwa mbele ya mitungi miwili iliyotulia, myeupe, isiyosema kitu, na mwanamke mkali amesimama nyuma yake. Na mama mwingine akilia uani, je?

"Daktari," akasema, "na nikiitwa katikati ya kazi?"

Daktari alifikiri. Barabara ilikuwa imekauka juu, bado laini chini, na Landrova ilikuwa inayumba.

"Sijui," akasema mwishowe. "Utaitika, nadhani. Lakini umwage kwanza kilichomo mtungini."

Cephas akatikisa kichwa kukubali. Alijaribu kuegemea kiti, akashindwa, akakaa mbele mbele, mikono kwenye dashibodi, akiitazama njia inavyokuja.